Kibuyu cha Arap Mosonik

Weldon hana mbegu. Daktari wa Kericho alizipima mara mbili, akachungulia darubini mpaka akachoka, akasema zipo chache tu, na hizo chache zimelala kama walinzi wa lango alfajiri. Kabla ya kujua hayo, ukoo wake ulikuwa umeshamrudisha mke mmoja kwao kwa kosa la utasa, na ulikuwa umepanga siku ya kumrudisha wa pili.

Mimi ni jirani tu. Naitwa Ondieki, nina pikapu, na hapa Sosiot mwenye pikapu huhudhuria mambo yote ya watu: mahari, mazishi, kuhama na kufukuzwa. Mke wa kwanza, Valary, nilimbeba mimi na godoro lake. Alilia tangu kwenye geti mpaka Sigowet kwao, mimi nikijifanya nasikiliza injini. Baadaye sana nilimkuta katika soko la Sigowet akichagua nyanya, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na mume mpya nyuma akibeba kikapu. Akanisalimia kwa adabu.

"Waambie huko nyumbani nawasalimu. Waambie sisi wote watatu tunawasalimu."

Niliwaambia. Mzee Alexander akafikiri kidogo, akasema mapacha ni ushahidi kwamba mwanamke yule alikuwa akizuia watoto makusudi, ndiyo maana walipopata nafasi wakatoka wawili kwa pamoja.

Mzee Alexander ndiye baba yake Weldon. Alitengeneza trekta za kampuni moja ya chai miaka mingi, na ukimsikiliza utadhani majani ya Kericho yalikuwa yakifika kiwandani kwa sababu yake peke yake. Mkewe ni Mama Jerusa, mwanamke wa kusema kidogo na kufanya mengi, jambo ambalo mzee hulihesabu kuwa sifa yake yeye. Walizaa wasichana watano mfululizo. Kila msichana alipozaliwa mzee alinunua redio kubwa kuliko ya kwanza, asisikie watu wanasema nini. Wa sita akawa Weldon.

Wakipsigis, kabila la boma lile, wana desturi. Mtoto akizaliwa, wanawake humwitia majina ya wazee wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine, na jina litakalomfanya apige chafya, huyo ndiye mzee aliyerudi. Sisi Wakisii pia tunarudisha majina ya wafu, kwa hiyo sicheki sana. Nacheka kidogo. Weldon alitajiwa wazee watatu akanyamaza. Likatajwa jina la babu, Arap Mosonik, akapiga chafya ya kuzima koroboi. Shangazi aliyekuwa amempakata alikuwa mnusaji mkubwa wa ugoro, lakini hilo hakuna aliyeuliza.

Basi babu alikuwa amerudi, na babu alikuwa na kibuyu chake cha mursik. Kilikuwa kimetundikwa ukutani tangu afe, kimepasuka chini. Mursik, kwa mtu asiyeijua, ni maziwa yanayolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa mpaka yachachuke vizuri. Katika kibuyu kilichopasuka hayalali, yanatoka.

Mtu mwingine angelima kibuyu kingine. Mtu mwingine angempa mtoto kikombe. Lakini Alexander alikuwa fundi, na fundi hawezi kuona ufa akalala. Alikibeba mpaka gareji ya kampuni, akavunja betri kuukuu ya trekta, akayatoa yale madini ya kijivu yaliyo ndani, akayayeyusha kwenye mkebe, akakisimamisha kibuyu katika mchanga uliolowa, akamimina. Yakaganda chini kwa ndani kama uji uliosahauliwa. Alipofika nyumbani alikijaza maji, na majirani wakaitwa kuja kutazama kibuyu kisichovuja. Habari hii alinisimulia mwenyewe, si mara moja, na kila mara trekta iliyotoa betri ilikuwa kubwa zaidi.

Dada watano walikunywa katika vibuyu vya kawaida. Hawakuruhusiwa hata kukigusa cha babu. Weldon alikunywa humo asubuhi na jioni tangu alipoanza kusimama dede. Maziwa machachu yanalala siku tatu juu ya betri, kisha Mama Jerusa anaingiza kijiti cha kusugulia, anakwangua chini vizuri mpaka mwisho, maana alikuwa mwanamke safi.

Mtoto akaanza kuumwa na tumbo. Babu naye alikuwa akiumwa na tumbo. Akachelewa kusema. Babu naye hakuwa mtu wa maneno. Akawa na hasira za ghafla. Babu aliwahi kumpiga fahali ngumi. Shuleni alirudia darasa la tatu mpaka mwalimu akamzoea kama samani. Babu hakusoma kabisa, kwa hiyo hapo mjukuu alikuwa hata amemzidi. Ufizi ukaota mstari wa buluu chini ya meno, na mzee mmoja wa ukoo akakumbuka, au akajikumbusha, kwamba Arap Mosonik alikuwa na ufizi mweusi. Kila ugonjwa uliomshika yule mtoto uligeuka ushahidi. Angekufa wangesema ndiyo huyu huyu, babu naye alikufa.

Hakufa. Alikua mwanaume mrefu, mpole siku nyingi, karani msaidizi wa kupima majani katika kituo cha kununulia chai. Wakulima wanampenda kwa sababu hana akili ya kuiba kilo, na nasema hivyo kwa heshima, maana wenye akili hiyo tunawajua. Nyumba yake iko ndani ya boma la baba yake. Jioni akitoka kazini hupitia kwa mama, anapewa kibuyu cha babu, anakunywa, ndipo anakwenda kwake.

Mke wa pili, Winny, alimtoa Silibwet, upande wa Bomet. Ni fundi wa kushona sweta za shule, na ulimi wake una sindano vilevile. Hao wawili walipendana, na nasema nilichokiona. Duka la Winny lina kufuli nzuri, lakini kila jioni Weldon alikuja kuibeba cherehani begani mpaka nyumbani, na asubuhi akairudisha, kwa sababu Winny alisema mara moja tu kwamba ana wasiwasi na wezi. Mwanaume anayebeba chuma kile juu ya mlima kila siku kwa ajili ya wasiwasi wa mtu mwingine, huyo simcheki.

Miaka ikapita bila mimba. Siku moja mzee Alexander akaja kwangu, akaizunguka pikapu kama anayetaka kuinunua.

"Ondieki, hii gari iko na nafasi Jumamosi ya mwisho wa mwezi?"

"Iko. Kubeba nini, mzee?"

"Mizigo kidogo. Mpaka Silibwet."

"Mizigo gani?"

Akatazama barabara. "Kitanda. Sufuria. Na ile cherehani."

"Na mwenye cherehani?"

"Wewe unauliza kama polisi. Mwenye gari anaambiwa njia, haulizi mzigo."

"Mzee, huyu ni wa pili sasa. Labda shida haiko kwa wanawake."

"Nyinyi Wakisii mnapenda sana kuchungulia suruali za watu. Kwetu shida ya mtoto ni ya mwanamke."

"Na Valary wa mapacha?"

"Habari ya Valary nilishakueleza."

Nilimwambia mke wangu Nyamusi jioni hiyo, na kabla sijamaliza kumwambia, Winny alikuwa ameshajua. Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Kwa kuwa binti yangu mkubwa ni Gesare, ananiita Baba Gesare.

"Baba Gesare, nasikia umenipangia safari."

"Nimeulizwa tu kama gari ina nafasi."

"Sawa. Utanibeba. Lakini kabla ya hiyo Jumamosi utanibeba Kericho, mimi na Weldon. Mimi nimepimwa nikaambiwa sina kasoro. Bado yeye. Nikirudishwa kwetu, nirudi nikijua."

"Na Weldon amekubali?"

"Nimemwambia ni mimi ninapimwa tena."

Weldon alijua ukweli tulipofika kliniki. Alipewa kichupa, akaonyeshwa mlango, na alikaa humo ndani mpaka nesi akaniuliza kama rafiki yangu ana ugonjwa wa kuzirai. Alipotoka alikishika kile kichupa kwa mikono miwili kama sadaka. Tena daktari alikuwa mwanamke, na mdogo kwa umri. Weldon akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Gesare, usiniache peke yangu na huyu. Nikiingia peke yangu nitasikia vibaya." Ndiyo maana nilikuwamo kwenye chumba, mimi niliyekuja kuendesha gari tu.

Daktari alimwangalia mdomo, akavuta midomo chini, akatazama ufizi muda mrefu. Akauliza kama anafanya kazi ya betri, ya rangi, ya kulehemu. Hapana, anapima majani. Akauliza habari ya utotoni, tumbo, kuchelewa kusema, shule. Weldon akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akifurahi kwamba kuna mtu hatimaye anapendezwa na historia yake. Wakatoa damu ikapelekwa Nairobi. Tukaambiwa turudi pamoja na kichupa kingine.

Mara ya pili ndipo aliposema lile la mbegu. Kisha akasema la damu.

"Weldon, damu yako ina madini ya risasi mengi. Ni yale madini mazito ya kijivu yaliyo ndani ya betri za magari. Hayatakiwi mwilini hata kidogo, na wewe unayapata mpaka leo. Kuna kitu unachokula au kunywa wewe ambacho mke wako hali?"

Hakukuwa na haja ya kufikiri, sote watatu tulikuwa tumesimuliwa ile hadithi ya betri ya trekta mpaka tukaichoka. Winny alianza kucheka, kicheko kibaya, akajiziba mdomo kwa mkono.

"Kibuyu," akasema. "Daktari, ni kibuyu cha babu."

Tukamweleza. Daktari aliandika, akaacha kuandika, akabaki anatusikiliza tu na kalamu hewani.

"Tangu umri gani?"

"Tangu anasimama dede," Winny akasema.

"Siwezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake," daktari akasema. "Wanaume hukosa mbegu kwa sababu nyingi. Lakini mtoto wa kiume akianza kunywa sumu hii mapema, inaingia kwenye mifupa inakaa, na inavuruga mwili wakati bado unajengwa. Ni kama kiwanda cha chai ambacho mashine zilifungwa vibaya siku ya kwanza. Baadaye utaleta majani mazuri, utapaka kuta rangi, chai itatoka mbaya tu. Acha kile kibuyu leo. Zipo dawa za kuitoa damuni. Mbegu zinaweza kuongezeka kidogo, zinaweza zisiongezeke. Sitakudanganya."

Weldon akauliza swali moja. "Na babu yangu? Yeye alikuwa na watoto tisa."

"Babu yako," daktari akasema, "alikunywa kikiwa kinavuja."

Tulirudi watatu tumebanana mbele. Tulipofika mahali ambapo chai ya kampuni inaisha na vishamba vyetu vinaanza, Weldon akasema tusimwambie mtu.

"Nitasema mimi. Jumamosi, mbele ya wazee. Jambo hili likisemwa na mke wangu nitakuwa kichekesho mpaka nife."

Winny alikuwa katikati yetu. Akamgeukia mumewe.

"Weldon, mimi sikuolewa na watoto, niliolewa na wewe. Ukisimama ukasema mwenyewe, nakaa. Nakaa hata tukizeeka wawili tu, tutalea wa dada yako. Sitafungua mdomo mpaka Jumamosi. Lakini ni wewe utakayesema."

"Nitasema."

"Na kile kibuyu?"

"Nitakiacha. Si nimesema?"

Nikaamini. Mtu anayebeba cherehani mlimani, nikafikiri, hatashindwa kubeba neno moja.

Jumamosi niliipeleka pikapu bomani kama nilivyoagizwa. Kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa, kiko nje kimeegemezwa ukutani. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia. Cherehani ilikuwa juu ya nyasi, na Weldon hakuwa ameibeba, walikuwa wameibeba wengine. Sebuleni walikaa mzee Alexander na ndugu zake wawili, tumbo na tumbo, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Weldon kwenye kigoda karibu na baba yake. Winny alisimama mlangoni na koti lake, na mimi nyuma yake, nusu ndani nusu nje, mahali pa dereva.

Mzee akaomba kwa Mungu kwanza. Kisha akasema.

"Huyu msichana wetu hatuna ubaya naye. Anapika vizuri. Anashona. Lakini boma ni mtoto. Mwanangu Weldon si mtu wa kawaida, ni baba yangu mimi aliyerudi, na baba yangu hakurudi duniani kuja kushonewa sweta. Lazima apite mbele. Kwa hivyo tunamrudisha msichana kwao kwa heshima, na gari tumeita."

"Gari nzuri," ndugu mmoja akasema, akinitazama, kama vile hilo ndilo lililokuwa na shaka.

"Kuna mwenye neno?"

Hapo ndipo mahali pa Weldon palipokuwa. Winny alimtazama. Mimi nilimtazama. Na wakati huo huo Mama Jerusa akaingia na mursik, akawapa wazee vikombe, na kwa mazoea ya miaka yote akamwekea mwanawe mikononi kibuyu cha babu.

Weldon alikishika. Akatazama ndani ya shingo yake. Akamtazama baba yake. Akakiinua, akanywa.

Hakuonja tu, alikunywa kama mtu aliyeogopa kwamba akikitoa mdomoni itabidi aseme kitu.

"Basi," Winny akasema. Aliingia mpaka katikati ya sebule. "Wazee, nisamehewe. Weldon hana mbegu. Tumepimwa Kericho, mimi ni mzima, yeye ana sumu ya betri katika damu. Imetoka kwenye hicho alichoshika. Ile mliyomiminia gareji."

Mzee Alexander akacheka.

"Sumu! Kibuyu nilichotengeneza kwa mkono wangu! Kimevuja?"

"Hakijavuja, baba. Hiyo ndiyo shida."

"Umesikia? Hata mwenyewe anasema hakijavuja." Akamnyang'anya Weldon kibuyu. "Tazameni. Kama ni sumu, nife hapa." Akapiga funda tatu kubwa, akajifuta, akampa ndugu yake. "Kunywa." Ndugu akanywa. Ndugu wa pili akanywa. Wakakaa wakisubiri kufa, wanaume watatu wenye watoto kumi na tisa kati yao. Hawakufa. Mzee akapanua mikono kwa ushindi.

"Sasa? Sumu iko wapi?"

"Mzee," nikasema, ingawa dereva haulizwi, "nyinyi mlishazaa. Hapo ni kama kuchoma moto zizi ng'ombe wakiwa wameshauzwa, hakuna hasara."

"Ondieki, wewe ngoja kwa gari."

Sikungoja kwa gari. Mama Jerusa alikuwa amesimama na birika mkononi. Sijawahi kumsikia mwanamke huyo akiuliza jambo mbele ya wanaume, lakini aliuliza.

"Winny, huyo daktari aliuliza nini?"

"Aliuliza kama alikuwa akiumwa na tumbo akiwa mdogo, mama. Kama alichelewa kusema. Akatazama ule mstari wa ufizi. Anasema mtoto aliyekunywa hii ndivyo anavyokuwa."

"Babu yake naye," mzee akaanza, "alikuwa na tumbo la..."

"Babu yake alikuwa akila nyama mbichi!" Mama Jerusa akasema, na sauti yake ikatushtua sote, hata yeye mwenyewe. "Mtoto huyu alikuwa akilia usiku kucha mimi nampa maziwa anyamaze. Nampa hayo. Akilia tena nampa tena."

Akakichukua kibuyu mkononi mwa yule ndugu wa pili, akatoka nje. Shoka la kuni lilikuwa karibu na jiko. Alikiweka juu ya gogo, akakipiga mara moja tu. Kikafunguka kama kiazi. Mursik ikamwagika, na ndani, chini, tukaona lile bonge la betri. Pembeni lilikuwa jeusi, lakini katikati, mahali maziwa yalipolala na kijiti kilipokwangua, palikuwa panang'aa, na palikuwa pameliwa, shimo limeingia ndani kama sahani.

"Sasa tazama," akamwambia mumewe. "Hiyo iliyopungua iko wapi?"

Mzee Alexander aliinama, akaliokota bonge, akalipima kwa mkono. Alikuwa fundi, na fundi anajua uzito wa kitu alichomimina. Akatafuta la kusema, na alichopata ni hiki: "Kilikuwa cha baba yangu."

Ndipo Weldon aliposimama. Alitoka mpaka kwenye pikapu ambako Winny alikuwa ameshaingia mbele na kufunga mlango. Akashika dirisha.

"Ni kweli," akasema kwa sauti, wote wakisikia. "Ni mimi. Shida ni yangu. Winny, nimesema."

"Umesema baada ya shoka, Weldon."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Mume asiye na mbegu ningekaa naye, nilishakuambia. Lakini kitanda changu kiko nje, na wewe ulikuwa ukinywa." Akageuka. "Baba Gesare, twende."

Vijana wakapakia kitanda. Cherehani alitaka kuipakia Weldon mwenyewe. Winny akamkatalia, ikapakiwa na mtu mwingine.

Njiani hakulia. Karibu na Silibwet aliniuliza kama najua mtu anayekodisha chumba cha duka upande wa barabara, nikamwambia nitauliza.

Gharama ya kibuyu kile ni hii. Valary amekwenda, na aliitwa tasa mbele ya watu, na hakuna mtu kutoka boma lile aliyekwenda Sigowet kulirudisha hilo neno. Winny amekwenda. Ng'ombe saba wa mahari walikwenda Sigowet na saba Silibwet, na wazee wa kwao Winny wamekataa kurudisha hata ndama, wakisema kosa halikuwa la binti. Mama Jerusa anaishi kwa binti yake wa pili na hajarudi, kwa hiyo mzee Alexander anajipikia, vibaya. Ndugu zake hawaji tena, wanasema waliona aibu, ingawa naona waliogopa kuambiwa wakapimwe. Weldon anakwenda kliniki kila mwezi. Sumu katika damu imeshuka karibu nusu. Mbegu hazijaongezeka. Ameshatimiza miaka thelathini na sita.

Watoto wake ni sifuri.